Maji ya Kuoshea Kahawa Yasielekezwe Mtoni

Kahawa nyingi ya Mkoa wa Kagera hukaushwa pamoja na maganda yake, na kazi hiyo haihitaji maji. Lakini chama cha msingi kinachoamua kumenya na kuosha kahawa mbivu ili kipate bei bora, hupata pia mzigo wa maji machafu. Yafaa Katibu na Bodi ya Chama waielewe tabia ya maji hayo kabla mashine haijafungwa.

Utelezi unaoizunguka punje ya kahawa una sukari. Ukikaa majini, sukari huchacha na kugeuka asidi. Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo cha pH: maji ya kawaida huwa karibu na 7, na maji ya kahawa yaliyochacha huweza kushuka hadi 4. Tena vijidudu vinavyoila sukari hiyo huimaliza oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Mto Kanoni, upitao mjini Bukoba, huingia katika Ziwa Victoria, ambalo wakazi wa Kashai na kata nyingine huishi karibu nalo. Kinachotupwa juu hakipotei. Humfikia achotaye na avuaye huko chini.

Dawa ya asidi ni chokaa. Huko Uingereza, mitambo ya gesi ya kupasha nyumba joto hudondosha maji ya asidi, na mara nyingine maji hayo hupitishwa kwanza katika vipande vya mawe ya chokaa. Chama nacho kiyakusanye maji yake shimoni, kitie chokaa kidogo kidogo huku yakikorogwa, na kuyapima kwa karatasi za pH mpaka yakaribie 7.

Hata hivyo, chokaa huondoa ukali tu, sukari hubaki. Kwa hiyo maji yaliyotiwa chokaa nayo yasipelekwe mtoni. Yaachwe yatulie, kisha yanywewe na udongo katika shimo jingine lililo mbali na visima. Maganda yachujwe mapema na kuozeshwa yawe mboji ya vibanja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Basi gharama ya mashimo na chokaa iingizwe katika makisio yatakayopelekwa Mkutano Mkuu pamoja na bei ya mashine. Bei nzuri ya kahawa si faida ikiwa anayeilipia ni jirani aliye bondeni.