Umepita miaka 50? Bado unaweza kujifunza kutunza afya

Mtu akifika miaka 50 mwili huanza kudai deni lake. Mgongo unauma. Kilima tulichokipanda mbio, sasa tunapumzika katikati. Wengine wanapatwa na shinikizo la damu au kisukari. Lakini kazi haingoji. Shamba linataka kulimwa na watoto wanataka chakula.

Je, mtu wa umri huu anaweza kujifunza kutunza afya yake bila kuacha kazi? Leo tutaeleza jaribio moja lililofanywa Marekani.

Walifanya nini?

Huko watu wengi hufanya kazi za ofisini. Wanakaa kitini kutwa. Wataalamu wakasema: tusiwaite darasani, masomo yawafuate huko huko kazini. Wakatumia intaneti. Intaneti ni mtandao unaounganisha kompyuta na simu za dunia nzima. Mtu anafungua somo saa anayopenda, anasoma, kisha anarudi kazini.

Masomo hayo yaliitwa HealthyPast50, yaani afya njema baada ya miaka 50. Yalifundisha habari za chakula, mazoezi, kutuliza mawazo na kuacha tumbaku.

Taarifa yake ilitolewa mwaka 2015. Wafanyakazi 278 wa kampuni moja, wenye miaka 50 hadi 68, waligawanywa makundi mawili kwa kubahatisha, kama kupiga kura. Kundi moja lilipata masomo. Kundi la pili halikupata wakati huo. Baada ya miezi 3 wote waliulizwa maswali.

Walionekanaje?

Waliosoma walijiamini zaidi kwamba wanaweza kubadili chakula chao. Walipanga chakula bora kuliko wenzao. Pia walizidisha mazoezi mepesi. Lakini si kila jambo lilibadilika. Tena, majibu waliyatoa wenyewe. Hakuna aliyewafuata nyumbani kutazama sahani zao.

Hata hivyo tunapata fundisho. Mtu mzima hufundishika, hata akiwa na kazi nyingi.

Sisi linatuhusu nini?

Mtu atasema, "Mimi nalima, jembe ndilo zoezi langu." Ni kweli. Lakini fundi cherehani, dereva na mwenye duka wanakaa kutwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima auchangamshe mwili dakika 150 kwa wiki, au zaidi. Ukitembea haraka dakika 30 kwa siku 5, umetimiza. Linashauri pia chumvi isifike gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi iliyomo ndani ya vyakula vya dukani. Kwa hiyo mkulima naye aangalie chumvi yake.

Simu ina ukweli na uongo

Siku hizi simu zimefika vijijini, na sisi tuliohitimu kisomo tunasoma ujumbe wenyewe. Hiyo ni faida kubwa. Lakini tuwe macho. Simu hubeba ukweli, na uongo nao hubeba.

Tuseme mzee mmoja anatumia dawa za shinikizo la damu. Anasoma kwenye simu: "Acha vidonge, kunywa dawa yetu ya mizizi, utapona kwa siku 7." Anajisikia mzima, basi anaacha vidonge. Hapo ndipo hatari ilipo! Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu hujiona mzima, kumbe mishipa inaumia. Akiacha dawa anaweza kupatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Nani atalima shamba lake?

Kwa hiyo, ukisoma habari za afya kwenye simu, jiulize:

1. Ameandika nani?
2. Je, anataka kuniuzia kitu?
3. Mganga wa zahanati anasemaje?

Usianze dawa wala kuacha dawa kwa sababu ya ujumbe wa simu. Simu ni ya kutukumbusha na kutufundisha. Kupimwa na kutibiwa ni zahanati.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Nani kati yetu amepimwa shinikizo la damu mwaka huu? Ambaye hajapimwa, ataenda siku gani? Na nani atamsindikiza?