Je, Wajua? Asidi ya Limau Dhidi ya Utitiri

Je, wajua kwamba asidi ya sitiriki, yaani ile inayoyapa maji ya limau ukali wake, na ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga mwaka 1784, imo katika orodha ya viambato ambavyo Marekani huvihesabu kuwa vya hatari ndogo kabisa katika viuatilifu, yaani dawa za kuua visumbufu vya mimea?

Utitiri mwekundu, adui mkubwa wa nyanya, si mdudu kwa maana ya kitaalamu, kwa kuwa ukishakomaa huwa na miguu minane na ni wa ukoo wa buibui. Huishi upande wa chini wa jani, ambako hutoboa seli na kufyonza majimaji yake, hata jani likajaa vidoa vya manjano na utando mwembamba. Kwa kuwa asidi hiyo, ikichanganywa na maji na sabuni kidogo, hudhuru kile tu inachokigusa, kunyunyizia juu ya majani pekee ni kazi bure, na mayai yanayosalia hulazimu dawa irudiwe baada ya siku chache.

Hatari iliyopo, ambayo wengi huipuuza, ni kwamba mchanganyiko mkali huunguza majani machanga. Mkulima na aujaribu kwanza kwenye majani machache, asubiri siku mbili, kisha anyunyizie jioni, jua likiwa limepoa.