UFAFANUZI: HABARI ZA FALAKI KATIKA MAJALADA YA MPAKA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaochunguza historia ya elimu ya falaki katika nchi yetu aghalabu hutafuta jalada lenye jina hilo, wasilipate. Habari zenyewe zimo, ila chini ya vichwa vingine: mipaka, upimaji wa ardhi na mambo ya nchi za nje.

Mfano ni Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule ule ulioiweka Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza, uliufanya Mto Songwe kuwa mpaka. Mkataba ulitiwa saini Berlin. Kazi ya kuupima mpaka huo ardhini ilianza mwaka 1898, Waingereza wakiongozwa na Kapteni C. F. Close.

Latitudo hupatikana kwa kupima kimo cha nyota. Longitudo ni ngumu zaidi, kwani hutaka saa ya kweli. Dunia huzunguka digrii 1 kila dakika 4. Basi saa ikikosea sekunde 4 tu, mahali panapopimwa husogea kwenye ramani karibu kilomita 1.8. Na Songwe wenyewe hauna makazi: mafuriko huuhamisha mkondo, na shamba la mtu likajikuta ng'ambo, upande wa Malawi. Hapo ndipo ramani na vipimo vya zamani huhitajiwa.

Mtafutaji akumbuke kwamba Kyela haikuwa wilaya. Enzi ya Wajerumani ilikuwa chini ya Neu-Langenburg, ambayo ni Tukuyu. Enzi ya Waingereza, chini ya Rungwe. Anayeomba "Kyela" peke yake huenda akarudi mikono mitupu.

Kwa hapa Unguja hali haitofautiani. Kituo cha Tunguu, kilichofuatilia vyombo vya anga vya Marekani vya mradi wa Mercury, kilitokana na mapatano ya mwaka 1960 baina ya Marekani na Uingereza. Chama cha Hizbu kilikipinga, kikihofia kambi ya makombora. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipita juu ya kisiwa hiki akizungumza na daktari wa kituo. Aprili 1964 Serikali ya Mapinduzi ikataka kiondolewe. Siasa katika kisa hiki ni nyingi kuliko falaki, kwa hiyo mtafiti aanze na majalada ya mambo ya nje. Na kwa kuwa mapatano yalifanywa na serikali mbili za kigeni, sehemu ya karatasi zake itafutwe London na Washington.