Taka za jikoni zimesahauliwa katika cheti cha kijani

MWENYE hoteli Unguja akitaka cheti cha jengo la kijani, swali la taka humkuta kwenye ramani ya jengo, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Toleo la nne la LEED, mfumo wa Marekani, lililotoka mwaka 2013, lilitaka kila jengo jipya litenge mahali pa kukusanyia karatasi, maboksi, chupa, plastiki na vyuma. Mfumo wa EDGE wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) wenyewe hupima nishati, maji na vifaa vya ujenzi. Taka si kipimo chake.

Mabaki ya wali na maganda ya ndizi hayamo katika orodha hiyo ya lazima ya LEED. Hapo ndipo mkulima anaposahauliwa, maana hizo ndizo taka zenye faida kwake.

Mashariki mwa Unguja, kwenye maweni, udongo ni haba na maji hayakai. Mboji husaidia kuyashika, na hoteli nyingi ziko pwani hiyohiyo. Ndoo moja ya mabaki huchanganywa na mbili au tatu za majani makavu. Rundo likigeuzwa na kutiwa maji kidogo, huiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Lakini vigae vya chupa vikiingia, mboji hiyo hakuna atakayeitia mkono. Kutenganisha kuanze jikoni, si jaani.

Mkulima asikimbilie kuzinunua taka hizo. Hoteli hutumia fedha kuziondoa, kwa hiyo ana haki ya kudai japo nauli ya gari, na makubaliano yaandikwe.

Mji Mkongwe una taabu yake. Lori haliingii vichochoroni, taka hutoka kwa mkokoteni. Tena mji huo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kubadili jengo kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Hifadhi. Mapipa yatafutiwe nafasi katika ua wa ndani.

Kisiwani Chumbe, kusini-magharibi mwa mji, nyumba 7 za wageni zina vyoo vya mboji visivyotumia maji. Hifadhi hiyo ilipata tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa mwaka 2000.

Kwa mchuuzi wa taka kavu, kitu cha kuuliza kwanza ni makopo ya alumini. Chupa ni nzito, bei yake kwa kilo ni ndogo, na nauli ya kuvusha mzigo hadi Dar es Salaam yaweza kumaliza faida yote.