Lipia kuni, usilipie maji

MAMA anaponunua kuni mtaani hukuta mafungu mawili. Moja ni la bei nafuu. La pili ni ghali kidogo, na muuzaji anaapa kwamba ni kavu. Je, aongeze pesa?

Kama daktari, jibu langu ni ndiyo, mradi kuni hizo ziwe kavu kweli.

Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzani wake. Ukiutia mekoni, moto hupoteza nguvu nyingi ukikausha maji hayo. Moto hafifu hauchomi kuni sawasawa, hivyo moshi huwa mzito. Ndani yake mna chembechembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, pamoja na hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi.

Wanaoumia zaidi ni mama na mtoto aliye mgongoni. Moshi huongeza hatari ya nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima huchangia ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni mwaka wa 2020.

Sasa tupige hesabu. Katika kilo 10 za kuni zenye maji asilimia 40, umenunua kilo sita tu za kuni; nyingine ni maji. Maji yakiwa asilimia 20, umepata kilo nane. Tuseme zile mbichi ni Sh150. Ukilipa Sh200 kwa zile kavu, bado hujapunjwa, na moshi umepungua.

Shida ni kumwamini muuzaji. Huko England, sheria iliyoanza kutekelezwa Mei 1, 2021 inataka kuni zinazouzwa kwa kiasi kidogo zithibitishwe kuwa maji yake hayazidi asilimia 20. Mfuko hubandikwa alama ya "Ready to Burn", na mnunuzi hulipa akijua anachopata.

Fungu la mtaani kwetu halina alama kama hiyo. Kwa hivyo, jikagulie mwenyewe:

• Tazama ncha. Kuni kavu huwa na nyufa, na gome hubanduka kwa urahisi.

• Gonganisha vipande viwili. Vikavu hulia kwa sauti kali; vibichi hutoa mlio mzito.

• Pima kwa mkono. Kati ya vipande vya mti mmoja vinavyolingana, kikavu ni chepesi.

• Kataa mbao zilizopakwa rangi na nguzo zilizotiwa dawa. Moshi wake una sumu zaidi.

Ukiwa umeshanunua mbichi, zipasue, uzipange juani hewa ipite katikati, na uzikinge na mvua.

Hata hivyo, usidanganyike: kuni kavu pia hutoa moshi. Fungua dirisha na mlango, mweke mtoto mbali na meko, na ukiweza, tumia gesi. Mtoto akikohoa huku akipumua kwa kasi au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mkimbize hospitalini mara moja. Siku hiyo, zile Sh50 ulizookoa hazitatosha hata nauli.