Maktaba ya Kwenye Kompyuta: Kodi ya Kisiwa Hulipwa na Nani?

Baadhi ya kamati za parokia zimetuuliza kama maktaba inaweza kuendeshwa kwa intaneti tu, bila kujenga jengo. Tunawaletea mfano mmoja kutoka Marekani, kwa kuwa una mambo ambayo wafadhili hupenda kuyafahamu kabla fedha hazijatoka.

Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco ilifungua Second Life, dunia ya kubuniwa inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Mtu hujichagulia umbo la kumwakilisha, akatembea humo (hata kuruka angani) na kuzungumza na wenzake. Mwaka 2006 Alliance Library System, umoja wa maktaba katika jimbo la Illinois, ulianzisha maktaba humo. Kisiwa chake kiliitwa Info Island. Wakutubi wa kujitolea walipokezana zamu kwenye dawati la maulizo, kila mmoja akiwa kwake.

Vitabu havikuwa vingi. Ukigusa rafu, mara nyingi ilifunguka tovuti ya kawaida, ambayo ungeweza kuisoma bila kupita kisiwani! Maswali mengi nayo yalihusu dunia ile yenyewe: namna ya kutembea, namna ya kubadili nguo. Kwa maoni yetu, faida kubwa ilikuwa kumkuta mkutubi aliye hai, hasa kwa mtu ambaye ugonjwa au ulemavu umemfungia nyumbani. Kisiwa jirani, HealthInfo Island, kilianzishwa kwa ruzuku ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ili kutoa habari za afya.

Tatizo lilikuwa kodi. Mwishoni mwa 2006 bei ya kisiwa kipya ilikuwa dola 1,675, na dola 295 kila mwezi. Shule na mashirika yasiyo ya faida yalipata punguzo. Oktoba 2010 kampuni ikatangaza kuwa punguzo hilo lingeondolewa kuanzia Januari 2011. Lilirudishwa mwaka 2013, lakini wengi walikwisha kuhama. Alliance yenyewe iliunganishwa na mifumo mingine ya maktaba mwaka 2011. Kazi ya kisiwani iliendelezwa na wakutubi wa kujitolea, kwa jina la Community Virtual Library.

Kwa hiyo kamati itakayoleta ombi la maktaba ya intaneti tunaiomba iandike, pamoja na bei ya kompyuta, nani atalipa gharama za kila mwezi baada ya mwaka wa kwanza, na mkutubi atakuwa zamu saa ngapi.