Ngano ya Thorfinn, kisasi cha Ragnar

Vijana wa Tarasaa, katika Delta ya Mto Tana nchini Kenya, hawasubiri televisheni. Filamu hupita kutoka simu hadi simu, na jioni mtu ana tamthilia nzima mfukoni. Za Wazungu na za Wajapani zimechanganyika humo, na ubishi hauishi: nani anajua kusimulia? Wazee hukata shauri upesi kwamba katuni ni za watoto. Mimi nimetazama za pande zote, na nasimama na Wajapani, hasa kwa jinsi wanavyomshughulikia mtu aliyeua.

Ili mizani iwe ya haki, tuchukue hadithi mbili za watu walewale, Waviking wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vikings, tamthilia ya Michael Hirst, ilianza kwenye stesheni ya History mwaka 2013 na kumalizika 2020, vipindi 89. Vinland Saga ni ya Makoto Yukimura, aliyeanza kuichora mwaka 2005. Ikawa anime, yaani filamu ya katuni ya Kijapani, mwaka 2019, na msimu wa pili ukatoka 2023.

Vikings ni kazi nzuri, sibishi. Ragnar, mhusika wake mkuu, ni mkulima anayetafuta ardhi yenye rutuba, na kuna wakati watu wake wanapewa mashamba Wessex, Uingereza, wakalima na kupanda. Kisha wanachinjwa, na hadithi inaondoka pale mbio. Ragnar anatupwa katika shimo la nyoka, wanawe wanavuka bahari kulipiza, kisasi kinazaa kisasi. Stesheni inayoishi kwa matangazo ya biashara lazima ikurudishe wiki ijayo, na damu hurudisha watu.

Thorfinn wa Vinland Saga naye anaanza hivyo hivyo. Baba yake ameuawa na kundi la Askeladd, naye angali mtoto analifuata kundi hilo miaka mingi, akiwaulia watu ili tu apewe nafasi ya kupambana na Askeladd. Mwisho wa msimu wa kwanza Askeladd anakufa kwa upanga wa mwingine, na kijana anabaki na hasira isiyo na wa kumpelekea. Msimu wa pili, vipindi 24, ni mtumwa katika shamba la Ketil huko Denmark. Yeye na mwenzake Einar wanafyeka msitu, wanang'oa visiki, wanalima. Ngano inachipua.

Asubuhi moja wanaikuta imevurugwa. Vibarua wenye wivu wameing'oa.

Mtu wa Delta hahitaji maandishi ya chini ya skrini kuuelewa uso wa Einar. Mkulima wa huku anajua kuamka akakuta ng'ombe wamepita juu ya mpunga wake. Mfugaji naye anajua kufika mtoni na wanyama wenye kiu, akakuta malka, njia ya mifugo ya kwenda majini, imelimwa mahindi. Ugomvi wa namna hiyo ulikua hadi Agosti 2012, pale Riketa, hapahapa Tarasaa, walipouawa karibu watu 50 kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Septemba mauaji yakawa Chamwanamuma, kisha Kilelengwani. Waliokufa walipita mia moja.

Katika lile shamba la Ketil ngumi zinarushwa, na Thorfinn anazimia. Usingizini anawaona aliowaua wakimpanda mwilini, mmoja baada ya mwingine. Anaamka akiapa kuacha ukatili. Hadithi imemfikisha hapo polepole, kwa jembe na jasho, na sababu mojawapo ni kwamba Yukimura alikwisha kuichora sehemu hiyo miaka mingi kabla studio ya MAPPA haijaigusa. Walijua njia inaishia wapi.

Si anime zote zilizo hivi. Katika Naruto, kipenzi cha wengi, Nagato anabomoa kijiji kizima kwa uchungu wa wazazi wake waliouawa vitani, na Naruto anaketi kumsikiliza adui huyo. Nzuri mno. Kisha Nagato anawafufua waliokufa, na hapo huwa nakasirika. Riketa hakuna aliyefufuka. Kusamehe wakati wafu wako wote wamerudishwa ni kazi ndogo kuliko ile waliyoachiwa watu wa huku. Vinland Saga hairudishi mtu.

Wapo wanaouacha msimu huo mapema wakisema hauna mapigano. Hao watarudi wakipenda. Ninaowataka zaidi ni wale wazee, Wapokomo wakulima na Waorma na Wardei wafugaji, wanaoketi pamoja kwenye vikao vya amani na ambao Kiingereza cha skrini kinawafungia mlango. DJ Afro amezipa filamu za ngumi na za Kihindi sauti ya Kiswahili, na hata asiyejua kusoma akazifuata. Apatikane mtu wa kazi hiyo aushike msimu wa pili wa Vinland Saga, awawekee wazee kipindi cha ngano, kisha awaache wabishane wao.